Sura ya Tatu: Hesabu ya Mchana

Msafiri anayepanga kuvuka mpaka kwa gari lake kwa mara ya kwanza huanza na ramani. Huandika mji anaotoka, huandika mji anaokwenda, kisha katikati hujaza majina ya mahali alikopata kusikia sifa zake. Sura hii inadai kwamba kazi hiyo ianzie kwingine. Kitu cha kwanza kuandikwa kwenye karatasi ni saa za mwanga wa jua alizonazo msafiri, siku kwa siku, kwenda na kurudi, maana hakuna fedha wala gari zuri linaloweza kuziongeza. Kilometa zifuate baadaye, na vivutio vije mwisho kabisa. Ili hoja isibaki hewani, tuipime kwa safari moja ambayo Mtanzania anaweza kuianza mlangoni pake: Dar es Salaam hadi Livingstone, kusini mwa Zambia, kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo wengine huyaita Victoria. Ni takriban kilometa 2,400 kwenda tu. Kwa mtu ambaye hajawahi kutoka nje ya nchi ni safari yenye masharti mepesi. Raia wa Tanzania hahitaji viza kuingia Zambia, nchi zote mbili zimo SADC, magari hupita upande wa kushoto huku na huko, na barabara kuu ni ya lami tangu mwanzo hadi mwisho. Wepesi huo ndio unaowashawishi watu waipangie siku chache kuliko inavyostahili.

Hesabu ya mwendo ndiyo inayoharibu ratiba nyingi kabla gari halijawashwa. Chukua kilometa 100 za barabara ya Tanzania ambazo 30 zake zinapita vijijini, penye kibao cha 50. Kwenye hizo 30 dereva mtiifu atatumia dakika 36. Kwenye 70 zilizobaki, akienda 90 bila kukatizwa, atatumia dakika kama 47. Jumla ni dakika 83, yaani wastani wa kilometa 72 kwa saa, na hapo hajakutana na tuta, lori, askari mwenye tochi wala mtu aliyebanwa na haja. Sasa mpeleke Mikumi, ambako barabara hukata hifadhi kwa kilometa kama 50. Tembo na twiga huvuka wanapotaka, kasi ina kikomo chake, na anayegonga mnyama hulipa faini. Mpeleke Ruaha Mbuyuni, kisha Kitonga. Hapo barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na lori lililosheheni hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nyuma yake hujipanga magari kumi, ishirini, na kona zenyewe haziruhusu kupita. Lori moja likikatika ekseli pale, msafara wote husimama hadi livutwe. Ongeza mapumziko ya robo saa kila baada ya saa mbili, chakula cha mchana na mafuta. Ule wastani wa 72 utashuka hadi 55 au karibu na hapo. Kwa hiyo kilometa 500 za Dar es Salaam hadi Iringa ni kazi ya saa tisa. Programu ya ramani kwenye simu itataja muda mfupi kuliko huo, kwa sababu inapima gari linalotembea na haijui kuhusu chai ya Morogoro. Msafiri aichukue saa inayotajwa na simu, aiongeze theluthi yake, ndipo aiandike.

Saa tisa ndiyo siku nzima. Katika ukanda wetu mchana ni saa 12, zikipungua au kuzidi kidogo. Toa saa moja ya asubuhi ya kufunga mizigo na kukagua tairi, toa saa mbili za akiba jioni ili pancha isikuingize gizani, na kinachobaki ni zile tisa. Madereva wawili wanaopokezana wanaweza kuzitumia zote, na hapo kikomo chao ni kilometa 500. Aliye peke yake aishie 400. Kikomo hiki hakikutungwa na waoga. Sheria za Umoja wa Ulaya humzuia dereva wa lori au basi kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku ya kawaida, na humlazimisha apumzike dakika 45 baada ya kila saa nne na nusu, naye ni mtu wa kazi hiyo kwenye barabara bora. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa 9 usiku kuwahi barabara, na saa 2 usiku bado anaitafuta nyumba ya wageni mjini asikokujua, ameshazifikisha saa hizo 17.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi ambalo kila mpangaji wa safari hii hulisikia. Basi linatoka Dar es Salaam na kufika Lusaka kwa siku moja na ushei, kwa nini gari dogo lihitaji siku tano? Tanzania yenyewe, baada ya kuzuia mabasi ya abiria kusafiri usiku kwa miaka mingi, iliyaruhusu tena mwaka 2023. Jibu ni kwamba basi na gari la familia havifanyi kazi moja. Basi la masafa marefu hubeba madereva wawili, na kila mmoja anaijua barabara ile kona kwa kona. Taa zake ziko juu, uzito wake ni mkubwa, na kampuni yake ina fundi wa kupigiwa simu. Dereva wa mara ya kwanza hajui kwamba baada ya mteremko ule kuna daraja jembamba, wala kwamba kijiji kijacho huegesha malori mabovu barabarani na kuyawekea matawi ya miti badala ya pembetatu zinazong'aa. Mchana makosa hayo ya kutojua husameheka, kwa kuwa jicho huwahi kuona. Takwimu za Shirika la Afya Duniani huiweka Afrika juu ya mabara yote kwa vifo vya barabarani vikilinganishwa na idadi ya watu, ingawa magari yetu ni machache. Anayejipangia kuendesha usiku katika nchi asiyoijua anauongeza uzito huo kwa hiari yake.

Sasa mpaka. Tunduma kwa upande wa Tanzania na Nakonde kwa upande wa Zambia ni kama mji mmoja, na malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo yakielekea bandari ya Dar es Salaam huufanya kuwa miongoni mwa mipaka yenye msongamano mkubwa katika ukanda huu. Gari dogo halitakiwi kusubiri nyuma ya foleni ya malori, lakini dereva mgeni anayeiona ikiwa imetanda kilometa nzima hudhani imemhusu, na huko hupoteza saa. Maofisa wa nchi mbili siku hizi hukaa pamoja, jambo lililopunguza mzunguko, ila madirisha bado ni mengi: afya, uhamiaji, forodha, bima, tozo ya barabara na ushuru wa kaboni ambao Zambia hutoza magari. Forodha hutaka kadi ya gari. Ikiwa jina lililomo si la dereva, au gari bado liko chini ya mkopo wa benki, itatakiwa barua ya idhini, na barua hiyo hutafutwa Dar es Salaam wiki mbili kabla, haitafutwi Tunduma. Bima ya COMESA, ile kadi ya njano, hukatwa nyumbani kwa kampuni ya bima ya gari lenyewe. Hati ya forodha inayoruhusu gari kukaa Zambia kwa muda itunzwe kama pasipoti, maana ndiyo itakayodaiwa siku ya kutoka. Mwenye karatasi kamili ahesabu saa tatu. Akimaliza kwa moja na nusu, amepata faida.

Lakini la muhimu zaidi mpakani ni saa ya ukutani. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na Nakonde iko mashariki kabisa ya nchi, kwa hiyo jua huzama mapema kwa saa za huko. Mwezi Juni giza huingia kabla ya saa 12 jioni. Wakati wa kwenda, msafiri huzawadiwa saa. Akitoka Mbeya saa 12 asubuhi hufika Tunduma saa 2, ambayo Nakonde ni saa 1. Akimaliza shughuli za mpakani saa 4 ya Zambia, bado anaweza kuzikata kilometa 380 na kulala Mpika, ingawa ataingia jioni, na akichelewa mpakani alale Chinsali bila kubishana na jua. Wakati wa kurudi saa ile inadaiwa. Anayetoka Mpika alfajiri hufika Nakonde mchana. Mpaka humla saa tatu, anarudishiwa saa ya Tanzania, na tayari ni saa 10 na nusu jioni huku Mbeya ikiwa mbali kwa kilometa 110 zenye malori tele. Siku hiyo alale Tunduma au Vwawa. Ratiba ya kurudi ambayo ni nakala ya ratiba ya kwenda, iliyogeuzwa tu juu chini, ina kosa ndani yake, na wengi huligundua gizani kati ya Tunduma na Songwe.

Ndani ya Zambia barabara hubadilika tabia. Vijiji viko mbalimbali, mistari ni mirefu, mguu unataka kukanyaga. Hata hivyo kipande cha Mpika hadi Serenje kimejulikana kwa mashimo kwa miaka mingi, malori huyakwepa kwa kuingia upande wako, na wauza mkaa hupita pembezoni na baiskeli zilizobebeshwa magunia hadi hazionekani. Vituo vya mafuta vimetawanyika, kwa hiyo tangi lijazwe kila mjini hata likiwa nusu. Mpika hadi Lusaka ni kilometa 640, na hapa ndipo tamaa ya kuimaliza kwa siku moja huwa kubwa kuliko popote, kwa sababu mji mkuu unaonekana karibu kwenye ramani. Igawanywe mara mbili, kwa kulala Mkushi, ambao ni mji wa mashamba makubwa na una nyumba za wageni. Siku ya pili utapita Kapiri Mposhi, mwisho wa reli ya TAZARA iliyoanzia Dar es Salaam kilometa 1,860 nyuma, kisha Kabwe, na utaingia Lusaka mchana, wakati vibao vya barabara bado vinasomeka. Hapo siku moja ya kukaa ni lazima: mwili upumzike, fundi alikague gari, kwacha zibadilishwe benki. Livingstone iko kilometa 475 mbele, kupitia Mazabuka ya mashamba ya miwa, Monze, Choma na Kalomo, nayo ni siku kamili.

Kwa hesabu hiyo msafiri anafika maporomoko siku ya saba. Swali linalofuata ni kama maji yatakuwepo, na hili nalo ni la kalenda. Mosi-oa-Tunya ina upana wa kilometa 1.7 na kimo cha mita 108, lakini mto Zambezi haumwagi maji yale yale mwaka mzima. Kuanzia Machi hadi Mei maji hufurika, na mvuke huwa mzito kiasi kwamba mtu aliyesimama mbele ya maporomoko huloa hadi mifupani na asione kitu. Oktoba na Novemba upande wa Zambia hubaki ukuta wa mwamba wenye michirizi, ilhali upande wa Zimbabwe maji huendelea kuanguka. Kati ya Juni na Agosti kuna maji ya kutosha na macho ya kutosha, barabara zimekauka, na huko Tanzania shule huwa zimefunga kwa sehemu ya kipindi hicho. Mwenye likizo ya Novemba peke yake asiipange safari hii kwa ajili ya maporomoko ya upande wa Zambia. Na atakayetaka kuona pande zote mbili aliache gari Livingstone, avuke kwa miguu lile daraja la mwaka 1905. Akivuka na gari atakuwa amejiongezea madirisha mengine ya forodha ya nchi nyingine, kwa matembezi ya nusu siku.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu nafasi. Mtu husema: huenda nisirudi tena maishani, kwa nini nisione kila kitu nikiwa njiani? Kazungula iko mwendo mfupi kutoka Livingstone, na daraja lake jipya la mita 923 lililofunguliwa mwaka 2021 linaingia moja kwa moja Botswana. Hifadhi ya Kasanka, huko huko Zambia, ina popo mamilioni kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Iringa kuna Kalenga, penye fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Hoja hii ina haki ndani yake na haifai kupuuzwa, kwani safari ya kwenda mahali pamoja tu bila kuona njia ni usafirishaji wa mizigo. Ila kila kivutio kiulizwe kinadai saa ngapi za mchana, na saa hizo zinatolewa wapi. Kalenga iko karibu na Iringa na inadai saa mbili, ambazo zinapatikana asubuhi ya siku ya pili kwa sababu Mbeya ni kilometa 350 tu mbele. Ibaki. Botswana inadai siku mbili na mpaka wa pili. Iondoke. Popo wa Kasanka huja wakati maporomoko ya Zambia yamekauka, kwa hiyo hao na maji haviwezi kuwekwa kwenye ratiba moja hata kwa nguvu. Kipo kimoja ambacho kingestahili kulipiwa siku nzima. Kaskazini mwa Serenje, nje ya barabara kuu, kuna kumbukumbu ya Chitambo, kijiji alikofia David Livingstone mwaka 1873. Moyo wake ulizikwa pale, na watumishi wake Chuma na Susi wakiwa na wenzao waliubeba mwili kwa miguu, kwa miezi, hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mtanzania anayeifahamu Bagamoyo na ambaye ametoka pwani kwa gari kwa siku nne atauelewa ukubwa wa kazi ya watu wale kwa namna ambayo kitabu cha historia hakimpi. Anayekitaka kituo hicho akiweke, mradi afute siku moja ya Livingstone bila kunung'unika. Kuongeza bila kufuta ndiko kunakoleta usiku barabarani.

Wapo pia wanaosema kwamba siku nyingi ni gharama nyingi. Ni kweli kwa upande wa malazi, kwani kulala Mkushi na Vwawa kunaongeza bili. Lakini mafuta, ambayo ndiyo gharama kubwa ya kilometa 4,800, hayaongezeki kwa kulala, na gari linalokwenda taratibu hutumia kidogo zaidi. Tairi lililochanwa na shimo lisiloonekana usiku, pamoja na siku mbili za kusubiri kipuri Serenje, hugharimu kuliko vitanda hivyo vyote. Kama fedha ni kidogo, ifupishwe safari, na mwendo wa kila siku ubaki vile vile.

Tukijumlisha sasa: Iringa, Mbeya, Mpika, Mkushi, Lusaka, siku moja ya kukaa, Livingstone, siku mbili za maporomoko, kisha Lusaka, Mkushi, Mpika, Tunduma, Iringa, Dar es Salaam. Ni siku 15, na 12 kati yake ni za barabarani, kwa wastani wa kilometa 400 kila moja. Ongeza siku moja ya akiba isiyopangiwa kitu, kwa ajili ya Kitonga kufungwa, mtoto kuumwa au mtandao wa forodha kukatika. Siku 16 basi. Pungufu ya hapo kuna njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kufika Zambia kwa ndege au basi na kukodi gari huko. Ya pili ni kugeuzia njiani. Mwenye siku 10 anaweza kwenda hadi chemchemi za maji moto za Kapishya, karibu na Shiwa Ng'andu, zisizofika kilometa 350 kutoka Nakonde: siku tatu kwenda, tatu za kukaa, tatu kurudi, moja ya akiba. Atakuwa amevuka mpaka, ameendesha ndani ya nchi nyingine na kuoga maji yanayotoka ardhini yakiwa moto, na kila jioni amefika jua likiwa bado juu. Kabla ya kulipia chumba chochote, kaa na wale mtakaosafiri nao, mwandike saa mtakayoondoka na saa mtakayofika kwa kila siku ya safari, kurudi kukiwemo. Siku yoyote inayofika baada ya saa 11 jioni, ikateni papo hapo.